Kardinali Lavigerie, Mtetezi wa Watumwa

Watu wa Moba, wa Mpala na wa Kalemie, hata watu wa Karema ng'ambo ya ziwa Tanganyika, wanalijua jina la Kardinali Lavigerie. Mapadri aliowatuma ndio walioleta Injili katika nchi hizo. Lakini yeye mwenyewe hakuliona ziwa hilo hata siku moja. Aliishi mbali sana, kaskazini mwa Afrika, kwenye pwani ya bahari ya Mediteranea. Kwa nini basi alijisumbua kwa ajili ya watumwa wa nchi asiyoifikia? Habari za maisha yake zinatoa jibu.

1. Mtoto wa Bayonne

Charles Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825, karibu na mji wa Bayonne, katika nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa karani wa forodha, maana yake alitoza ushuru wa mali iliyoingia katika nchi. Wazazi wake hawakuwa watu wa kusali sana. Waliomfundisha mtoto sala ni watumishi wawili wa kike wa nyumbani mwao. Mbele ya dunia wanawake hao walikuwa watu wadogo, lakini walipanda imani katika moyo wa mtoto, nayo ikaota.

Charles alipokuwa mvulana alitaka kuwa padri. Akaenda seminari, akasoma kwa bidii, akapewa upadri mwaka 1849. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 23. Alikuwa mwenye akili nyingi, hodari wa kusema, mwepesi wa kukasirika, na asiyechoka upesi. Baadaye akawa mwalimu wa historia ya Eklezia katika chuo kikuu cha Sorbonne, mjini Paris. Kazi hiyo ilikuwa na heshima na raha. Lakini padri Lavigerie hakuridhika kukaa na vitabu tu.

2. Safari ya Mashariki

Mwaka 1860 habari mbaya zikafika Ulaya. Katika milima ya Lebanoni na katika mji wa Damasko maelfu ya wakristu waliuawa, na nyumba zao zikachomwa moto. Padri Lavigerie alikuwa mkubwa wa chama kilichosaidia shule za wakristu wa Mashariki. Akakusanya fedha katika Ufaransa. Angaliweza kuzituma kwa mkono wa mtu mwingine, naye akabaki Paris. Hakufanya hivyo. Akapanda merikebu, akaenda mwenyewe mpaka Beiruti na Damasko, akagawa chakula na nguo, akawatafutia yatima na wajane mahali pa kulala.

Huko Damasko alionana na mtu mashuhuri, jina lake Emiri Abd el-Kader. Emiri huyo alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Aljeria. Alikuwa amepigana na Wafaransa miaka mingi. Wakamshinda, wakamfunga katika nchi yao, na baada ya kufunguliwa akaenda kukaa Damasko. Wakristu wa mji walipoanza kuuawa, Abd el-Kader aliwafungulia nyumba yake. Yeye na watu wake wakasimama kuwalinda, wakaokoa maelfu. Padri Lavigerie alikwenda kumsalimu kwa heshima kubwa. Aliona kwa macho yake kwamba mtu wa haki huwatetea wanyonge hata kama si wa dini yake wala si wa kabila lake.

3. Njaa ya Aljeria

Mwaka 1863 Lavigerie akawa askofu wa Nancy, mji wa Ufaransa. Watu walidhani kwamba atapata vyeo vikubwa zaidi katika nchi yake. Lakini alipoulizwa kama atakubali kwenda Afrika, akakubali. Mwaka 1867 akafika Algiers, mji mkuu wa Aljeria, kuwa askofu mkuu. Nchi hiyo wakati ule ilitawaliwa na Wafaransa, na karibu wenyeji wake wote walikuwa Waislamu.

Aliikuta nchi imo katika taabu. Nzige walikuwa wamekula mashamba. Mvua ilikosa kunyesha. Ugonjwa wa kipindupindu uliua watu wengi. Halafu ikaja njaa kali ya miaka 1867 na 1868. Watu walikufa njiani, wala hapakuwa na wa kuwazika. Wakubwa wa serikali hawakupenda habari hizo zitangazwe. Lakini askofu mkuu aliziandika, akazitangaza katika Ufaransa, akaomba msaada kwa maaskofu wenzake na kwa wakristu wote.

Watoto wengi waliofiwa na wazazi walitangatanga bila chakula. Askofu mkuu akaanza kuwapokea. Kwanza walikuwa wachache, halafu wakawa mamia, mwisho wakapita 1,700. Wengi walikuwa wagonjwa tayari, wakafa. Baadhi ya watawa waliowauguza wakashikwa na ugonjwa uleule, wakafa pamoja nao.

Njaa ilipopungua, gavana MacMahon alitaka watoto wale warudishwe kwa makabila yao. Aliogopa Waislamu watakasirika kuona watoto wao mikononi mwa mapadri. Lavigerie akakataa, kwa sababu hakutaka kuwatupa watoto waliokuwa hawana tena baba wala mama. Ugomvi ukawa mkubwa. Akaenda mpaka Paris, mbele ya Kaisari Napoleon III, akapata ruhusa ya kuwalea. Lakini aliagiza kwamba watoto wasilazimishwe kubatizwa, kwa maana imani ya kulazimishwa si imani.

Walipokua, aliwanunulia shamba kubwa katika bonde la Chelif. Wale waliokuwa wakristu wakaoana, wakajenga vijiji vyao. Kijiji cha kwanza kiliitwa kwa jina la Mtakatifu Sipriano. Huyo alikuwa askofu wa Karthago, mji wa Afrika, katika karne ya tatu. Wanyang'anyi walipowateka wakristu wa nchi ya Numidia, Sipriano alikusanya fedha nyingi kwa wakristu wake ili mateka wakombolewe. Basi kazi ya kuwakomboa watu si kazi mpya katika Eklezia ya Afrika.

4. Mapadri wenye kanzu nyeupe

Mwaka 1868 Lavigerie akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika. Aliwapa kanzu nyeupe na joho jeupe, kama mavazi ya watu wa Aljeria, na rozari shingoni. Kwa ajili ya mavazi hayo watu waliwaita Mapadri Weupe. Mwaka 1869 akaanzisha pia shirika la masista, kwa sababu alijua kwamba wanawake wa Afrika watasaidiwa vizuri zaidi na wanawake wenzao.

Akawawekea mapadri wake amri chache zilizo ngumu. Wajifunze lugha ya watu na kuisema. Wale chakula cha watu. Mapadri wa misioni moja wasipungue watatu, ili pasiwe na mtu wa kukaa peke yake. Na mtu anayetaka ubatizo afundishwe miaka minne kwanza, ili ajue vizuri jambo analolifuata.

Kazi ilikuwa ya hatari. Mwaka 1876 mapadri watatu waliotaka kuvuka jangwa la Sahara waliuawa njiani. Mwaka 1881 wengine watatu waliuawa jangwani. Lavigerie alilia kwa ajili yao, lakini hakuacha kutuma wengine.

Mwaka 1878 Papa Leo XIII akampa kazi kubwa zaidi: kupeleka Injili katika nchi za maziwa makubwa. Wamisionari kumi wakasafiri kwa bahari mpaka Unguja, wakavuka mpaka Bagamoyo, wakaanza kupanda bara kwa miguu pamoja na wapagazi wengi. Padri Pascal, kiongozi wa wale waliokwenda Tanganyika, akafa kwa homa njiani. Wenzake wakafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Wengine wakaenda Buganda. Baada ya miaka michache mapadri wakawa na misioni pande zote mbili za ziwa Tanganyika. Kibanga ilianzishwa mwaka 1883, na mwaka 1885 wakapokea Karema na Mpala.

5. Biashara ya watu

Lavigerie aliagiza kwamba kila misioni iwe na kitabu cha kuandikia mambo ya kila siku. Kwa vitabu hivyo, na kwa barua, akajua mambo yaliyotendeka kando ya ziwa. Mapadri waliandika habari za vijiji vilivyochomwa usiku. Waliandika habari za misafara ya watu waliofungwa kongwa shingoni, mmoja nyuma ya mwenzake, na pembe za ndovu vichwani. Mama aliyeshindwa kubeba mzigo pamoja na mtoto, mtoto wake ndiye aliyetupwa. Mtu aliyeanguka kwa udhaifu aliachwa njiani kwa fisi, au aliuawa ili wenzake waogope.

Biashara hiyo ilikuwa ya zamani, na wenye hatia walikuwa wengi. Kwa karne nyingi wazungu walioitwa wakristu walinunua watu katika pwani ya magharibi ya Afrika, hata katika nchi ya Kongo, wakawapeleka Amerika. Upande wa mashariki wafanyabiashara waliotoka pwani, Waarabu na Wangwana, waliingia bara kutafuta pembe na watumwa. Wafalme wengine wa Afrika nao walishirikiana nao. Waliwapiga vita jirani zao, wakawauza mateka ili wapate nguo, baruti na bunduki. Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa kulazimishwa na Waingereza, alilifunga soko la watumwa la Unguja. Lakini bara biashara iliendelea, kwa maana hapakuwa na mtu wa kuizuia.

6. Tundu la mtumbwi

Mapadri walifanya kwanza jambo lililowezekana. Walikomboa watoto kwa nguo na shanga, wakawalea katika misioni.

Mmoja wa watoto waliokombolewa na Mapadri Weupe aliitwa Adrian Atiman. Huyo hakutoka Tanganyika. Alizaliwa karibu na Tombuktu, akaibiwa angali mdogo, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadri wakamkomboa. Lavigerie akamtuma katika kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine wa Afrika ili wajifunze uganga wa hospitali. Alisema kwamba Afrika itaokolewa na waafrika wenyewe, wala si na wageni peke yao. Atiman alifika Karema mwaka 1889. Akawa mganga na katekista huko, akawatibu watu wa nchi ile mpaka alipokufa mwaka 1956. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi aliwahudumia watu miaka 67.

Lakini Lavigerie aliona kwamba kukomboa peke yake hakutoshi. Mtoto mmoja alipokombolewa, wengine wengi walipita na misafara. Tena nguo walizolipwa wauzaji ziliwapa nguvu ya kwenda kuteka wengine. Mtu aliye katika mtumbwi uliotoboka anaweza kuchota maji tangu asubuhi mpaka jioni. Asipoliziba tundu, atachoka, na mtumbwi utazama.

Basi Lavigerie alifahamu kwamba huruma na haki ni lazima ziende pamoja. Huruma humpa chakula mtoto aliyekombolewa. Haki humzuia mwenye bunduki asiende kumteka mtoto mwingine. Lakini mapadri hawakuwa na nguvu za kufunga njia za misafara. Wenye nguvu walikuwa wafalme na serikali za Ulaya, nao walikuwa wamelala. Ilikuwa lazima mtu awaamshe.

7. Mwaka 1888

Lavigerie alikuwa amekwisha kuwa Kardinali tangu mwaka 1882. Mwaka 1888 alikuwa na umri wa miaka 62, na maradhi yalikuwa yamemdhoofisha. Mwezi wa Mei mwaka huo Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil barua ya kulaani utumwa. Mwezi uleule Brazil iliwaachilia huru watumwa wake wote. Kardinali Lavigerie akaenda Roma na watu kutoka Afrika, na kati yao walikuwamo waafrika waliokombolewa. Akawaleta mbele ya Papa. Papa akamwagiza aende kuwaamsha watu wa Ulaya.

Mzee hakungoja apone. Tarehe 1 Julai alisimama katika kanisa la Saint-Sulpice, mjini Paris, akawaeleza watu habari za misafara ya watumwa. Tarehe 31 Julai alisema mjini London katika ukumbi mkubwa. Katika miaka ile Wakatoliki na Waprotestanti hawakupatana vizuri, na wengi wa watu wa London walikuwa Waprotestanti. Kardinali hakujali jambo hilo. Aliona kwamba mtumwa aliyefungwa hawezi kungoja mpaka wakristu wapatane kwanza. Wale watu wakamsikiliza, wakaahidi kufanya kazi pamoja.

Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alisema katika kanisa la Mtakatifu Gudula, mjini Brussels. Hapo aliwalaumu Wabelgiji. Mfalme wao Leopold II alikuwa amejitwalia nchi ya Kongo, na katika nchi hiyo watu walikuwa wakiuzwa. Basi wasingeweza kusema kwamba jambo hilo haliwahusu.

Kila mahali Kardinali alifundisha jambo moja. Mungu ndiye Baba wa watu wote. Kristu alikufa kwa ajili ya watu wote, na bei aliyoilipa ni damu yake. Basi hakuna mtu anayeweza kuwekewa bei sokoni kama kuku au gunia la chumvi. Na mkristu anayejua ubaya huo akanyamaza ana sehemu yake katika dhambi.

Wako waliomlaumu. Waislamu wengine waliona kwamba amewatia hatiani wote kwa ajili ya wafanya biashara wabaya. Ahmad Shafiq wa Misri aliandika kitabu kueleza kwamba dini ya Kiislamu inaagiza kuwatendea watumwa kwa wema na kuwapa uhuru. Kwa kweli Kardinali, alipokasirika, alisema kwa ukali mno mara nyingine. Lakini hapana aliyeweza kusema kwamba misafara ile haikuwako.

8. Mkutano wa Brussels

Maneno ya mzee yalizaa matunda. Katika Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani, Italia na nchi nyingine watu walianzisha vyama vya kupinga utumwa. Magazeti yakaandika. Serikali zikaona haya kunyamaza.

Mwezi wa Novemba 1889 wajumbe wa serikali 17 walikutana Brussels. Walikuwako wajumbe wa nchi za Ulaya, na wa Marekani, Uturuki, Uajemi na Unguja. Walifanya mashauri mpaka tarehe 2 Julai 1890, wakatia sahihi mapatano makubwa. Walikubaliana kujenga boma katika njia za misafara, kupekua majahazi baharini, kuwapokea watumwa waliotoroka, na kuzuia bunduki na baruti zisiingie ovyo katika nchi za Afrika. Hivyo wakaanza kuziba tundu la mtumbwi.

Kando ya ziwa Tanganyika kazi ilikuwa ngumu bado. Tangu mwaka 1887 Kapiteni Joubert alikaa Mpala. Alikuwa Mfaransa, zamani askari wa Papa, na Lavigerie ndiye aliyemtuma. Akawafundisha vijana wa nchi kuvilinda vijiji vyao, na watu wengi wakamkimbilia ili wapone. Mara nyingi alikosa baruti na chakula. Hakurudi Ulaya tena; alikufa katika nchi ile mwaka 1927. Mwisho wa mwaka 1891 Kapiteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alijenga boma lililoitwa Albertville. Mji uliokua mahali hapo unaitwa Kalemie. Vita na wafanyabiashara wa watumwa vikaendelea mpaka mwaka 1894.

9. Kufa kwake

Kardinali Lavigerie hakuona mwisho wa vita hivyo. Alikufa mjini Algiers tarehe 26 Novemba 1892. Alizikwa Karthago, katika mji wa Mtakatifu Sipriano, na mwaka 1964 mifupa yake ikapelekwa Roma.

Baada ya kufa kwake likatokea jambo la kusikitisha. Serikali ya Leopold II ilikuwa imesema mbele ya dunia kwamba inawafukuza wauza watumwa. Lakini serikali hiyohiyo iliwalazimisha watu wa Kongo kuleta mpira wa msituni, na waliokosa kuuleta walipigwa, walifungwa, hata waliuawa. Wengine walikatwa mikono. Watu wengi mno walikufa. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuitoa nchi mkononi mwake, ikawa koloni la Ubelgiji. Lavigerie alikuwa amewatumaini sana watawala wa Ulaya. Alidhani kwamba wakiisha kuamshwa watatenda haki. Wengine walitwaa maneno yake mazuri, wakayafanya pazia la kuficha tamaa yao.

Kwa hiyo anayetafuta haki asilale akiisha kushinda mara moja. Ubaya ukifukuzwa mlangoni hurudi kwa dirisha, tena umebadili jina. Kongwa lile la mti halionekani tena. Lakini mtoto anayefanyizwa kazi nzito badala ya kwenda shule, na mfanyakazi anayenyimwa mshahara wake, hao nao wanangoja mtu wa kuwatetea.

Tumaini moja la Kardinali lilitimia vizuri. Alitaka waafrika wenyewe wawe mitume wa ndugu zao. Tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri Baudouinville, karibu na Moba. Alikuwa Mtabwa, mwana wa nchi ile iliyoteswa na wauza watumwa, naye ndiye padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu hizi. Katika nchi ambamo watu walikuwa wakiuzwa, mwana wa nchi alisimama altareni akamtolea Mungu sadaka.

Lavigerie hakuwa mtu asiye na kosa. Lakini alipoisikia taabu ya watu wa mbali hakusema kwamba si watu wake. Imani ilimfundisha kwamba ni watu wake, kwa sababu ni watu wa Mungu. Alianza kwa kuwapa wenye njaa mkate, akaendelea kwa kuwakomboa waliofungwa, akamaliza kwa kugonga milango ya wafalme. Mkristu mwema hufanya hivyo kwa kadiri ya nguvu zake. Humsaidia aliyeanguka, halafu huuliza ni nani aliyemwangusha, wala haogopi kwenda kumzuia.

Maulizo

1. Ni nani waliomfundisha Charles Lavigerie sala?
2. Emiri Abd el-Kader alifanya nini Damasko? Kwa nini Lavigerie alimheshimu?
3. Kwa nini askofu mkuu alikataa kuwarudisha watoto yatima?
4. Mapadri Weupe waliwekewa amri gani?
5. Ni nani waliokuwa na hatia katika biashara ya watumwa?
6. Adrian Atiman alitoka wapi? Alifanya kazi gani Karema?
7. Eleza mfano wa mtumbwi uliotoboka. Tundu ni nini? Kuchota maji ni nini?
8. Wajumbe wa mkutano wa Brussels walikubaliana mambo gani?
9. Kijijini mwenu, au mtaani mwenu, ni nani anayehitaji mtu wa kumtetea? Mtoto wa shule anaweza kumsaidia namna gani?